Ugonjwa Usioujua Kwenye Nyasi za Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kutambua Kuvu Jijini Nairobi

Masika yakishakolea Nairobi, kati ya Aprili na Mei, malalamiko ya nyasi nayo huanza: duara la majani makavu karibu na geti, madoa ya kahawia chini ya mti, unga wa rangi ya chungwa kwenye viatu vya mtoto. Wa kwanza kuulizwa huwa mwenye agroveti, naye jibu lake liko kwenye rafu nyuma yake. Dawa inanunuliwa, bomba linabebwa mgongoni, na baada ya wiki mbili duara limezidi kupanuka. Mara nyingi dawa haina kosa lolote. Hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani, wala kama ni ugonjwa kweli.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeona kitu asichokijua kwenye nyasi zake na anataka kukipa jina kabla ya kutoa pesa. Shika jambo moja tangu sasa: usinyunyize chochote kabla ya kuchunguza na kuchukua sampuli. Dawa ya kuvu, hata isipoponya, huzuia kuvu kuota maabara, na mtaalamu atakurudishia jibu kwamba hakuona kitu.

Kwanza jua una nyasi gani

Nyumba nyingi za Nairobi zina mojawapo ya hizi: nyasi ya Kikuyu, ukoka, nyasi ya Pemba yenye majani mapana, au ile inayouzwa kwa jina la Cape Royal. Kikuyu ni ya hapa hapa kwetu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kutoka huku ilisambazwa hadi Afrika Kusini, Australia na California. Pemba ni ya jenasi ya Stenotaphrum, ndugu wa nyasi ya St. Augustine inayopandwa sana Florida, kwa hiyo magonjwa yanayoisumbua St. Augustine kule yanafaa kufikiriwa kwanza ukiona Pemba yako inaugua.

Hizi ni nyasi za joto. Zinakua kwa kasi jua likiwaka na udongo ukiwa na unyevu, lakini Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima na usiku baridi inashuka hadi nyuzi 11 au 12. Nyasi inapunguza mwendo, lakini kuna kuvu zisizojali baridi hiyo. Pengo hilo, nyasi ikiwa imelala na kuvu iko macho, ndilo linaloeleza magonjwa mengi ya Julai ambayo watu huyaita baridi tu.

Udongo nao utazame. Kabete, Lavington, Runda na Karen kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Syokimau, Kitengela na sehemu kubwa ya Embakasi ni ule mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kwenye udongo mweusi, mizizi hukosa hewa baada ya mvua kubwa na nyasi ikawa njano bila kuvu yoyote kuhusika.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza visivyo kuvu

Hapa tumia muda mwingi kuliko popote pengine, kwa sababu kisa kingi kinachoitwa kuvu kinaishia hapa.

Anza na umbo. Kuvu haijui rula. Ukiona mstari ulionyooka, kona ya mraba, au mabaka yanayofuata njia ya mashine ya kukatia, mhusika ni binadamu: mbolea iliyomwagika, dawa ya magugu, petroli, au kisu butu cha mashine kilichochana ncha za majani badala ya kuzikata. Mkojo wa mbwa unaacha doa la mviringo lililokufa katikati, nyasi za pembeni zikiwa kijani kibichi kuliko kwingine, maana naitrojeni iliyochoma katikati imelisha ukingo.

Kisha tembea juu ya nyasi jioni. Nyayo zako zikibaki zinaonekana, majani yakawa hayainuki na rangi imeelekea bluu ya kijivu, hiyo ni kiu.

Shika nyasi za doa kwa mkono na uvute. Zikitoka kama zulia, bila mizizi ya kuzishikilia, chimba kipande cha sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita saba. Funza weupe waliojikunja wakizidi kumi, umepata mla mizizi. Viwavi ni tofauti, wao hula majani. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo katika lita tano za maji, mwaga juu ya mita moja ya mraba kwenye ukingo wa doa, na usubiri dakika kumi. Viwavi jeshi wakiwapo watapanda juu wenyewe.

Sasa kuna jambo linalowadanganya wengi wenye nyasi ya Kikuyu. Unakata nyasi Jumamosi, na siku chache baadaye, asubuhi, unakuta uwanja umefunikwa na nyuzi nyeupe nyembamba, kama ukungu umetanda usiku kucha. Inama na ushike uzi mmoja. Unatoka katikati ya chipukizi, umesimama wima, na kwenye ncha yake una kifuko kidogo. Huo ni ua. Nyasi ya Kikuyu huficha maua yake ndani ya majani, na kinachojitokeza ni nyuzi za dume tu zilizobeba chavua. Ndiyo maana mwanabotania Chiovenda aliipa mwaka 1903 jina la kisayansi lenye maana ya kujificha, clandestinum. Jua likipanda, nyuzi zinanyauka. Kuvu ya kweli haisimami hivyo: hulala, huvuka kutoka jani hadi jani, na inapoondoka huacha kidonda.

Utando wa buibui uliojaa umande nao unafanana na kuvu ukiwa umesimama. Ukipiga goti utaona umetandazwa juu ya majani, haujatoka ndani yake. Kuna pia vumbi la kijivu au la samawati linalotokea ghafla kwenye majani baada ya mvua na kufutika kwa kidole, jani chini yake likiwa zima. Hao ni viumbe wanaopanda juu ya jani bila kulila. Waoshe kwa mpira wa maji, basi.

Hatua ya 2: Toka alfajiri, utazame kwa mbali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla umande haujakauka, ndio wakati wa kuona nyuzi za kuvu zikiwa hai. Saa nne zimeshatoweka na utabaki na nyasi kavu tu, ambayo haisemi mengi.

Simama mbali kwanza. Je, ni madoa madogo yenye ukubwa wa sarafu, au mabaka ya mita nzima? Yametawanyika au yameungana? Yako kivulini, kwenye mteremko, karibu na bomba, au popote? Piga picha tatu: moja ya uwanja wote, moja ya baka likiwa na rula au sarafu ya shilingi 20 kando, na moja ya jani moja kwa karibu. Andika pia tarehe, mvua ya wiki iliyopita, mbolea ya mwisho na lini nyasi zililetwa. Ukienda kwa mtaalamu bila habari hizi, maswali yake ya kwanza yatakuwa hayo hayo.

Hatua ya 3: Chunguza ukingo

Usichukue nyasi za katikati ya baka. Zilikufa zamani, na zinapooza huingiliwa na kuvu nyingine zinazokula mizoga, ambazo hazikuanzisha lolote. Ugonjwa unasomeka pembezoni, pale jani moja ni zima na la pili limeanza kubadilika. Hapo chimbua kipande kidogo chenye mizizi na udongo, uoshe polepole kwenye ndoo, na usome kutoka juu kwenda chini.

Kwenye jani, tafuta kidonda. Kina mpaka wa rangi gani? Kimekatiza jani upana wote au kiko katikati? Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi inatosha, na kamera ya simu iliyowekwa juu ya lenzi hiyo inatoa picha nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Kisha nenda chini, kwenye sehemu ya jani inayolikumbatia shina. Vuta jani. Likichomoka bila kushindana, na upande wa chini ni kahawia, umelainika na unaoza, andika hilo.

Mwisho, mizizi na mashina yanayotambaa. Mizizi mizima ni mirefu na myeupe. Ikiwa mifupi, myeusi na inakatika kwa kuguswa, ugonjwa unaanzia ardhini, na majani ya njano uliyoyaona ni matokeo tu.

Hatua ya 4: Lipe jani usiku mmoja wa unyevu

Ukiona kidonda lakini huoni kuvu, ilazimishe ijionyeshe. Chukua kopo la plastiki lenye kifuniko, lile la aisikrimu linafaa (mifuko ya plastiki tuliiaga mwaka 2017), weka karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa, panga majani matano au sita juu yake bila kugusana, funika, weka ndani ya nyumba pasipo jua. Asubuhi fungua. Nyuzi nyeupe kama pamba, ukungu wa kijivu juu ya kidonda, au nukta nyeusi ni dalili zenye maana. Weka pia majani mazima kutoka upande wa pili wa uwanja kwenye kopo jingine. Yakiota ukungu uleule, huenda ulichokiona ni kuvu za kawaida zinazoishi juu ya majani yote.

Usisubiri zaidi ya siku mbili. Baada ya hapo kila kitu kinaoza na kila kitu kina ukungu.

Hatua ya 5: Linganisha na magonjwa yanayojulikana

Ugonjwa wa mabaka makubwa ndio ninaouangalia wa kwanza miezi ya baridi. Unaletwa na Rhizoctonia solani, na unapenda nyuzi 15 hadi 25, yaani Nairobi karibu mwaka mzima. Baka linaanza kama sahani, kisha linapanuka hadi mita au zaidi, na asubuhi ukingo wake huwa na rangi ya chungwa iliyofifia wakati ugonjwa unasonga. Kidonda hakiko juu ya jani. Kiko kwenye ile sehemu inayolikumbatia shina, ndiyo maana jani huchomoka kirahisi. Mizizi, tofauti na watu wanavyotarajia, huwa bado myeupe. Ukipata uozo chini ya jani pamoja na mizizi mizima, umekaribia sana jibu.

Madoa ya kijivu ni ya kuvu Pyricularia, na huwa kwenye jani lenyewe: kidonda chembamba mwanzo na mwisho, kipana katikati, kijivu ndani na mpaka wa zambarau au kahawia. Kwenye kopo lako la unyevu kitaota manyoya ya kijivu. Hushambulia Pemba na Kikuyu, hasa nyasi changa zilizomwagiwa naitrojeni nyingi majani yakabaki na maji saa nyingi kwenye joto. Wakulima wa mpunga wa Mwea wanaijua familia hii vizuri, kwa kuwa kuvu ya jina hilohilo, Pyricularia oryzae, ndiyo inayoleta ugonjwa wa blasti kwenye mpunga. Haina maana kwamba nyasi yako itaambukiza mpunga wa mtu. Kuvu hii ina makundi mengi, kila kundi na mimea yake.

Doa la sarafu huonekana sana kwenye ukoka uliokatwa mfupi na wenye njaa. Madoa ni ya sentimita mbili hadi tano, rangi ya nyasi kavu, na kidonda kwenye jani ni cheupe, kimebanwa katikati, na mpaka wa kahawia-nyekundu juu na chini. Alfajiri utaona nyuzi nyeupe zimetanda. Vitabu vya zamani huiita kuvu yake Sclerotinia homoeocarpa. Mwaka 2018 wanasayansi waliihamishia jenasi mpya, Clarireedia, wakaigawa katika spishi kadhaa, basi usishangae maabara ikikuandikia jina usilolikuta kwenye kijitabu chako.

Kutu haihitaji mjadala. Sugua jani kwa karatasi nyeupe. Ikibaki na unga wa chungwa au wa kahawia, na kwenye jani kuna vipele vilivyopasua ngozi, ni kutu. Kikuyu huipata mara nyingi ikikosa mbolea au ikiwa kivulini.

Kuna pia madoa madogo ya rangi ya chokoleti ya kuvu za kundi la Bipolaris, na uozo wa mizizi wa Gaeumannomyces ambao mizizi huwa myeusi na mifupi na nyasi hunyauka mabaka mabaka hata ukimwagilia. Duara la kijani kilichokolea lenye uyoga baada ya mvua ni kuvu inayokula mabaki ya mbao au mizizi ya mti iliyozikwa, na mara nyingi haina madhara makubwa. Kuhusu Pythium, ule ugonjwa wa majani yanayoteleza kama yamepakwa mafuta, miongozo ya ng'ambo huutisha sana. Huhitaji usiku wenye joto la nyuzi 20 kwenda juu, na usiku wa namna hiyo Nairobi ni wa nadra. Kwenye udongo mweusi uliotuama maji, hata hivyo, ndugu zake wa mizizini hawajali usiku ukoje.

Hatua ya 6: Lini uuite mpya

Kama umepita hatua zote na dalili zako hazilingani na lolote, bado usikimbilie neno jipya. Uliza kama ni jipya kwako, jipya kwa nyasi hii, au jipya kwa nchi. Mara nyingi ni la kwanza.

Na hata ukiwa na kitu kigeni kweli, si lazima kiwe kuvu. Mwaka 2011 mahindi ya Bomet yalianza kukauka kwa namna ambayo wakulima hawakuijua. Ulikuwa ugonjwa wa virusi, wa aina mbili kwa pamoja, na hakuna dawa ya kuvu ambayo ingeusaidia. Australia nako nyasi ya Kikuyu, hii yetu, ina ugonjwa wa njano ambao kisababishi chake, Verrucalvus flavofaciens, kilipewa jina mwaka 1984. Kinaonekana kama kuvu, kinaishi kama kuvu, lakini kiko kwenye kundi jingine la viumbe wa majimaji, mbali na kuvu za kweli, na dawa nyingi za kuvu hazikigusi. Mashina yanayotambaa hugeuka njano, mizizi huoza, na duara hupanuka majira ya joto na mvua. Ukiona dalili hizo kwenye Kikuyu yako, usikae nazo kimya. Zipeleke maabara.

Mtaalamu naye hatosheki na kuona kuvu kwenye jani. Ataitoa, aioteshe peke yake kwenye sahani, aipake kwenye nyasi nzima, asubiri dalili zilezile, kisha aitoe tena na kuona kwamba ni ileile. Utaratibu huo umebeba jina la Mjerumani Robert Koch tangu karne ya 19. Kabla ya hapo, picha ya simu na jina lililotolewa kwenye kikundi cha WhatsApp ni dhana tu, hata kama dhana nzuri.

Hatua ya 7: Sampuli na pa kuipeleka

Kwa jembe dogo, kata kipande cha upana wa sentimita 10 hadi 15 na kina cha sentimita nane, nusu kikiwa kizima na nusu kikiugua. Chukua viwili au vitatu kutoka mabaka tofauti. Usimwagilie kwanza. Funga mizizi na udongo wake kwa karatasi ya alumini ili udongo usichafue majani, kisha funga chote kwa gazeti kavu na ukiweke kwenye boksi. Nyasi mbichi ikifungiwa ndani ya plastiki na kuachwa kwenye gari lililoegeshwa juani hufika ikiwa uji. Peleka Jumatatu au Jumanne; sampuli ya Ijumaa hulala maabara hadi wiki inayofuata.

KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wana maabara Kabete, kando ya Waiyaki Way, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha kilimo Upper Kabete. KEPHIS, ambao makao yao makuu yako Karen, ndio wenye dhamana ya afya ya mimea nchini, kwa hiyo ugonjwa unaoshukiwa kuwa mgeni unawahusu wao moja kwa moja. Piga simu kabla ya kwenda, uulize ada na aina ya sampuli wanayotaka.

Hatua ya 8: Ukisubiri majibu

Badilisha saa ya kumwagilia. Nairobi watu wengi hufungua mpira usiku kwa sababu ndipo maji ya mgao yanapofika, na majani yanalala na maji hadi saa tatu asubuhi. Kwa kuvu, huo ni mwaliko. Jaza tangi usiku, mwagilia saa kumi na mbili asubuhi, kwa wingi na mara chache.

Mbolea isimamishwe mpaka ujue. Kutu na doa la sarafu hupungua nyasi ikilishwa, na hapo mbolea ya CAN, yenye naitrojeni, gramu 20 kwa kila mita ya mraba, ikifuatiwa na maji, inatosha. Lakini mabaka makubwa na madoa ya kijivu hushamiri kwa naitrojeni ileile.

Fundi akija kukata, aanze sehemu nzima na amalizie yenye ugonjwa, nyasi zikiwa zimekauka. Takataka za pale zikusanywe, zisiachwe juu ya uwanja wala zisipewe jirani wa kulisha ng'ombe. Visu vifutwe kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, vioshwe na kupakwa mafuta visishike kutu. Hilo ni muhimu zaidi kama fundi huyo anakata kwenye nyumba nyingine tano mtaani kwa mashine hiyohiyo.

Jina likija, ndipo uende agroveti. Uliza dawa kwa kiambato chake, hakikisha kibandiko kina namba ya usajili wa PCPB, bodi inayosajili dawa za kilimo nchini, na usome kama nyasi imetajwa. Kiambato cha metalaksili, kwa mfano, hupambana na jamii ya Pythium na hakiifanyi Rhizoctonia lolote. Ukirudia kunyunyiza, badilisha kundi la dawa, sio chapa tu, maana chapa mbili zinaweza kuwa na kiambato kimoja.

Na ukienda kununua nyasi za kuziba mapengo, kwa gunia au kwa vipande kwenye vitalu vya Ngong Road, mwombe muuzaji afungue gunia. Vuta majani machache, tazama chini yake, tazama mizizi. Ukifika nyumbani zipande kwanza kwenye kona peke yake kwa wiki tatu. Muuzaji atanung'unika kuhusu kufunguliwa kwa gunia. Mwache anung'unike.